Mzee Nyuzi na Bendi Isiyokosa Zamu

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, fundi mkuu wa nyumba ya pampu anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya maji kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amesisitiza mwenyewe ziandikwe, maana anasema alizifanyia kazi kama zile nyingine. Kwenye faili lake ana jina refu la heshima ambalo husomwa mara moja kwa mwaka, siku ya kuhakiki watumishi. Siku zilizobaki, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa Meneja, yeye ni Mzee Nyuzi.

Anayeandika haya ni karani wa masijala. Nimepewa kazi hii kwa sababu mafaili yote yako kwangu, na pia kwa sababu kwa miaka ishirini na mmoja nimekuwa mwimbaji wa bendi yake. Kwa hiyo msomaji asitarajie maandishi ya mtu asiye na upande. Upande ninao, tena nimeukalia.

Mzee Nyuzi aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba. Wenzake walipopumzika kula, yeye alikwenda kusimama kwenye mlango wa nyumba ya pampu na kusikiliza. Fundi mkuu wa siku hizo alimvumilia wiki mbili, mwisho akamwita ndani, akampa bisibisi ndefu na kumwonyesha namna mafundi wanavyopima afya ya pampu: ncha unaiweka kwenye beringi, mpini unaugusisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, halafu unafunga mdomo. Kibarua yule alisikiliza kwa muda mrefu mno. Alipoulizwa amesikia nini, alijibu kwamba pampu namba mbili ina kikohozi. Walicheka, lakini siku ya tatu beringi ya namba mbili ilikatika, na wiki iliyofuata kijana akaacha jembe na kuvaa ovaroli.

Kuanzia hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Alikuwa msaidizi, akafanya mtihani wa cheti, akafeli, akarudia, akashinda. Miaka kumi na mitano iliyopita alipewa ukuu. Amewafundisha kazi watu kumi na tisa, na katika hao kumi na tisa hakuna aliyewahi kuchoma mota. Tangi letu likikosa kusukumiwa maji kwa saa nne linakauka, na wa kwanza kukauka ni hospitali ya mlimani. Tangu awe mkuu, hospitali ile haijakaukiwa hata siku moja. Hilo lingetosha kuwa wasifu kamili, na watu wenye haraka wanaweza kuishia hapa.

Sasa tuje kwenye gitaa.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita Mzee Nyuzi alinunua gitaa la besi kutoka kwa mwanamuziki mmoja aliyeamua kuokoa ndoa yake. Gitaa lilikuwa zima ila lilikuwa na nyuzi mbili tu kati ya nne. Yeye hakuona tatizo. Alipiga nyuzi mbili kwa miezi saba, akisema kwamba hata ngazi yenye vidato viwili inakufikisha juu kidogo. Watu wakambandika jina la Nyuzi Mbili. Nyuzi zilipotimia nne, jina likapunguzwa badala ya kuongezwa, na heshima ya Mzee ikaja yenyewe na mvi.

Wanabendi aliwaokota kazini kama mtu anayeokota vipuri. Kishindo, mwendesha pampu aliyekuwa mgeni wakati ule, alikuwa na tabia ya kugonga mabomba kwa spana mbili hadi watu wakaomba ahamishwe. Mzee Nyuzi alimnunulia ngoma moja kuukuu, na mabomba yakapona. Dereva wa lori la matengenezo alikuwa amefundishwa gitaa na kaka yake, akaliacha, na ilibidi afuatwe nyumbani mara tatu. Mimi alinikuta masijala naimba huku napanga mafaili. Alikuwa amekuja kuchukua fomu ya likizo, akasimama mpaka nikamaliza ubeti. Kisha akanijulisha kuwa nahitajika chumba cha vipuri Jumatano saa kumi na moja jioni, na kwamba kuchelewa si tabia nzuri. Kama nilitaka au sikutaka, hakuuliza. Ndivyo ilivyozaliwa Bendi ya Presha, na fomu ya likizo aliisahau mezani kwangu.

Wapo waliotuonya mapema. Mhasibu wa wakati ule alitukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mzee Nyuzi alimjibu kwamba hilo ni kweli kwa mwenye mkono mmoja.

Lazima nisimulie aibu yetu ya kwanza, maana bila hiyo wasifu huu utakuwa wa uongo. Chumba cha vipuri kimetenganishwa na pampu namba tatu kwa ukuta wa tofali moja. Namba tatu ina mvumo mmoja usiopanda wala kushuka, mchana kutwa na usiku kucha. Mzee Nyuzi aliupenda mvumo ule. Akalinganisha nyuzi za besi nao, Dereva naye akalinganisha gitaa lake na besi, mimi nikaweka sauti yangu humo humo. Tulifanya mazoezi miezi minane, tukawa tunasikika kama watu waliozaliwa tumbo moja. Jamani, tulijiona!

Shughuli yetu ya kwanza ilikuwa harusi ya dada yake Dereva. Familia ilikuwa imekodi mpiga kinanda mzoefu atusindikize. Tulipoanza, yeye akiwa kwenye sauti zake na sisi kwenye zetu, watu waliacha kula. Hatukuwa mbali naye sana. Tulikuwa mbali kidogo tu, kiasi cha kuumiza meno. Mpiga kinanda alitusimamisha, akatuomba tulinganishe upya. Tukalinganisha, kwa kukumbuka, na tukarudi pale pale. Bibi harusi alilia, na wageni wakadhani ni kwa furaha. Mama yake Dereva hakudhani hivyo na alitwambia.

Kumbe namba tatu inavuma katikati ya noti mbili, juu kidogo ya moja na chini kidogo ya nyingine, mahali ambapo hakuna kinanda duniani kinachokaa. Sisi miezi minane yote tulikuwa tumejifunza muziki wa pampu. Mtu mwingine angetafuta wa kumlaumu. Mzee Nyuzi alisimama mbele ya familia ile, akasema kosa ni lake peke yake, akaomba radhi kwa bibi harusi na kwa mama mtu. Jumatatu alikuja kazini na chombo kidogo cha kupimia sauti, akakipigilia ukutani kwa msumari, na tangu siku hiyo hakuna anayegusa uzi bila kukitazama kwanza. Namba tatu tuliisamehe. Haikuwa imetudanganya, ni sisi tulioiuliza swali lisilo lake.

Lakini harusi ile ilituachia jambo zito zaidi ya aibu. Asubuhi iliyofuata Kishindo alichelewa zamu kwa dakika arobaini, amelala kama gogo. Nyumba ya pampu haiachwi bila fundi mwenye cheti, kwa hiyo fundi wa zamu ya usiku ilimbidi asubiri. Fundi huyo tunamwita Mpole, na aliyempa jina hilo alikuwa na utani wa hali ya juu. Siku hiyo Mpole alikuwa na haki ya kutokuwa mpole: mkewe alikuwa mjamzito, amekaa kitandani amevaa viatu, anangoja kupelekwa kliniki. Mpole aliandika malalamiko ya kurasa tatu. Ninayo, na hakuna sentensi ndani yake isiyo ya kweli.

Meneja wa wakati huo alitoa uamuzi kwa barua fupi. Bendi inaruhusiwa kutumia chumba cha vipuri, lakini siku yoyote mtu yeyote atakapokosa au kuchelewa zamu kwa ajili ya muziki, chumba kitafungwa na bendi itakuwa imekwisha. Haikusema itajadiliwa. Wengine tulinung'unika. Mzee Nyuzi aliisoma mara mbili, akasema ni barua ya haki, akatia sahihi kwa niaba yetu sote. Barua hiyo haijafutwa hadi leo. Imepita miaka ishirini na zamu zaidi ya elfu ishirini, na haijawahi kutumika.

Wanaopenda muziki wanaweza kufikiri kazi ya kiongozi wa bendi ni kutunga nyimbo. Kwa sisi tunaoajiriwa, kazi ya kiongozi wa bendi ni ratiba. Nyumba ya pampu ina zamu tatu: ya asubuhi, ya mchana inayoanza saa nane, na ya usiku. Ili Jumatano saa kumi na moja jioni tuwe pamoja, Mzee Nyuzi na Kishindo wote wawili wasiwe zamu ya mchana, Dereva asiwe ameitwa kwenye bomba lililopasuka, na mimi nisiwe nimebakizwa na wakaguzi. Miaka ya mwanzo Mzee Nyuzi alikuwa akibadilishana zamu kwa kuomba, na kila aliyemkubalia alilipwa kwa siku ambayo hakuna aitakaye. Alipokuwa mkuu, kalamu ya kupanga ratiba ikawa mkononi mwake. Hapo, niseme ukweli, alijipendelea. Kwa miaka tisa Jumatano mchana haikumwangukia yeye wala Kishindo.

Nyumbani kwake nako hakukuwa rahisi. Mkewe ni mwalimu, na kwa miaka mingi amejitambulisha kama mke wa tatu, baada ya pampu na gitaa. Kuna mwaka alimwambia wazi kwamba amechoka kuishi na mtu anayelala mchana na kupiga besi jioni, na kwamba watoto wanamfahamu zaidi kwa harufu ya grisi kuliko kwa sura. Mzee Nyuzi aliumia. Alikuja mazoezini, akatueleza bila kuficha, na akatangaza kwamba mazoezi hayatazidi saa moja na nusu, hata kama wimbo uko katikati. Tangu hapo tumeacha nyimbo nyingi zikiwa zimefika shingoni. Shemeji yetu naye, ili haki itendeke, ndiye aliyetushonea sare zote tatu tulizowahi kuvaa.

Miaka sita iliyopita alikuja Meneja wetu wa sasa. Ni mhandisi, mama asiyefanyia karatasi mzaha. Wiki ya pili tu Mpole alimpelekea malalamiko mengine, safari hii ukurasa mmoja: kwa nini zamu ya Jumatano mchana inamwangukia yeye Mpole kila mara? Meneja aliniagiza nimletee ratiba za miaka yote tisa. Nilizibeba kwa mikono miwili. Alikaa nazo siku mbili. Aligundua alichokitafuta, kwamba Jumatano za bendi zimelindwa. Aligundua pia asichokitafuta: katika miaka hiyo tisa, kila sikukuu ya taifa na kila mkesha wa mwaka mpya, aliyekuwa kwenye pampu ni Mzee Nyuzi. Alikuwa amejitoza mwenyewe bila kumwambia mtu.

Mimi nilidhani hilo litamwokoa. Wapi! Meneja alisema kwamba kujitoza si sawa na kuwauliza wenzako, na kwamba Jumatano ya Mpole haikuwa ya Mzee Nyuzi kuinunua. Kuanzia mwezi ule zamu zote zingezunguka sawasawa. Mzee Nyuzi alikubali, kisha akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alikwenda nyumba ya pampu, akamwomba Mpole msamaha mbele ya wasaidizi wote. Mpole alijibu kwamba amesikia, na akaendelea kupaka grisi.

Hapo ndipo wengi walitabiri kifo chetu. Wiki nyingi hatukuweza kukutana zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Dereva alipendekeza tupumzike mpaka mambo yakae sawa, na mimi niliona ana hoja, maana nilikuwa nimechoka. Mzee Nyuzi aligoma. Alisema mambo hayajawahi kukaa sawa tangu azaliwe. Akaugawa kila wimbo vipande, kama pampu iliyofunguliwa mezani. Jumatatu alifanya kazi na Kishindo, besi na ngoma peke yake. Jumanne alinirekodia besi kwenye simu, nikaimba juu yake masijala wakati wa chakula, mlango umefungwa. Alhamisi Dereva aliegesha lori nyuma ya chumba cha vipuri na kupiga sehemu yake kwa dakika ishirini kabla ya kuripoti. Tulipokutana wote wanne, labda mara moja kwa mwezi, tulikuwa tunaunganisha tu. Ajabu ni kwamba tulipiga vizuri kuliko zamani, maana kila mmoja alikuwa amelazimika kuijua sehemu yake bila kujificha nyuma ya mwenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama mpaka migongo ikazoea.

Miaka mitatu iliyopita kituo cha redio kilitualika kurekodi. Nyimbo nne, Jumamosi saa tatu asubuhi. Ulikuwa mwaliko wetu wa kwanza wa namna hiyo na mpaka leo ni wa pekee. Kishindo alikuwa na zamu ya asubuhi, akabadilishana na fundi wa nne wa nyumba ya pampu, kila kitu kwa maandishi. Alfajiri ya siku hiyo, tukiwa tumeshapakia ngoma kwenye gari la kukodi, simu ikaja: mtoto wa yule fundi ameshikwa na homa kali, wanakimbilia hospitali. Zamu ilikuwa ya Kishindo, nayo ilikuwa haina mtu.

Kishindo alianza kushusha ngoma zake. Mzee Nyuzi alimzuia. Alituelezea kama anavyoeleza bomba: wimbo bila ngoma hauendi, wimbo bila besi unaenda kwa kuchechemea, kwa hiyo kinachotolewa ni besi. Mimi nilimbishia. Nilisema bendi ni yake, nyimbo ni zake, na kwamba kama ni lazima mtu akose basi tukose wote, tuwapigie redio tuombe siku nyingine. Alisema redio haitatoa siku nyingine kwa watu wasiojulikana, na kwamba hakutuhangaisha miaka kumi na minane ili turudi nyumbani na ngoma garini. Alivaa ovaroli juu ya sare mpya na kuondoka. Aliingia kwenye pampu dakika tatu kabla ya muda.

Tulirekodi nyimbo zote nne. Redio ilizipiga Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, naye akiwa zamu. Nilimpelekea redio yangu ndogo pale pampuni. Alisikiliza nyimbo zote amesimama, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea kwenye mpini wa spana, vinapiga zile sehemu ambazo hazikuwamo. Zilipokwisha alisema nimeimba vizuri. Kisha akasema imemuuma. Alisema hivyo tu, akachukua kopo la grisi. Mimi nilirudi masijala nikalia, na sioni haya kuliandika hilo kwenye jarida la idara.

Sasa kuna kinachotuhusu Ijumaa. Kamati ya maandalizi ya sherehe ya kumuaga ilipomuuliza Mzee Nyuzi anataka zawadi gani, akakataa saa ya ukutani, akakataa kiti. Aliomba kitu kimoja: kwamba siku yake ya mwisho, kwenye ukumbi wa mikutano, Bendi ya Presha ipige wanne wote, mbele ya wafanyakazi wenzake, bila zamu kukosa mtu. Wafanyakazi hawajawahi kutuona wanne jukwaani hapa nyumbani. Kila shughuli ya idara, mmoja wetu alikuwa kazini, na mara nyingi mmoja huyo alikuwa yeye.

Ombi dogo kama nini! Lakini tarehe ishirini na nane ilikataa. Mafundi wenye cheti ni wanne. Wa nne amevunjika mguu. Mpole anatoka zamu ya usiku Ijumaa asubuhi na anarudi usiku ule ule. Kishindo ana ya asubuhi, anamaliza saa nane, saa moja kabla ya sherehe. Zamu ya mchana inabaki na mtu mmoja tu. Mzee Nyuzi alihangaika na ratiba hiyo wiki tano, akafuta hadi karatasi ikatoboka. Mpole, ndiyo, Mpole mwenyewe, alijitolea kuunganisha zamu mbili. Mzee Nyuzi alimshukuru kwa dhati na kukataa, kwa sababu mtu aliyekesha hakabidhiwi mota tatu.

Mwanzoni mwa mwezi alikuja masijala, akaweka ratiba mezani kwangu ili niifunge kwenye faili. Mwenye jina kwenye zamu ya mchana ya tarehe ishirini na nane alikuwa ni yeye. Aliniambia sherehe ifanyike kama ilivyopangwa, bendi ipige, hotuba zisomwe, na mtu amletee keki pampuni. Alijaribu kuifanya mzaha. Mimi namjua miaka ishirini na mmoja, na najua sauti yake inapokuwa imeshuka. Aliyepanga zamu za watu wote maisha yake yote alikuwa ameshindwa kujipangia saa mbili za kuagwa.

Sikuifunga ile ratiba. Niliibeba, pamoja na ile barua ya zamani ya chumba cha vipuri, nikaenda kuziweka mbele ya Meneja. Nilisema mengi, mengine kwa sauti isiyofaa ofisini, na namshukuru kwa kutoyasikia. Aliuliza swali moja tu: cheti cha kuendesha pampu kikipita muda, anayekihuisha ni nani? Nilimwambia kwa mujibu wa kanuni ni fundi mkuu, baada ya kumpima mhusika mara moja kwa vitendo. Basi, akasema, itabidi anipime mimi.

Ikabidi nifukue faili la Meneja mwenyewe. Cheti alikuwa nacho, cha miaka ishirini na miwili iliyopita, alipokuwa mhandisi kijana. Wiki mbili hizi zilizopita, wanaokuja mapema wamemwona Meneja wetu saa kumi na mbili asubuhi akiwa ndani ya ovaroli la kuazima, bisibisi sikioni. Mzee Nyuzi hakumpendelea hata kidogo. Mara ya kwanza alimfelisha kwa sababu aliwasha pampu kabla ya kutoa hewa. Mara ya pili alimfelisha kwa sababu alifungua valvu ya kutolea maji kwa pupa, na alimwandikia hivyo hivyo, kwa pupa, kwenye fomu rasmi. Meneja alikasirika, na akarudi kesho yake. Jumanne ya wiki hii amefaulu.

Mzee Nyuzi alitia sahihi kwenye cheti, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi za nyumba ya pampu, ovaroli limemfunika magoti. Mpole alimfuata, akakaa karibu naye. Mlinzi anasema walikaa pale robo saa nzima, na kwamba ni Mpole aliyekuwa na leso.

Ratiba mpya imebandikwa ubaoni tangu jana. Nendeni mkaione. Ijumaa, zamu ya mchana, nyumba ya pampu, kwa mwandiko wa Meneja: Meneja.

Mzee wetu, idara inakushukuru kwa maji, na hospitali ya mlimani inakushukuru bila hata kujua. Kishindo anakushukuru kwa ngoma, Dereva anakushukuru kwa kumfuata mara tatu. Mimi nakushukuru kwa kutoniuliza kama nataka. Shemeji, tunamrudisha kwako akiwa mzima, na tunakuomba Jumatano moja moja utuazime. Maisha yaliyo mbele yako yawe marefu na yawe matamu, na usingizi wako uwe wa usiku kama wa watu wengine.

Ijumaa saa tisa alasiri panda jukwaani nasi, upige kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Zamu yako imeshikwa.